Klachi ya Lori Kuukuu Isetiwe kwa Kipimo

Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima Kitonga, malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Tunduma husimama kupumzika. Utingo huzunguka gari akigonga matairi kwa nyundo, dereva huangalia kamba za turubai, kisha hugeukia vitunguu vya kando ya barabara na kuanza kuvutana bei na muuzaji. Kwa wenye malori mapya ukaguzi huishia hapo. Kwa wenye vichwa vya zamani vya Kimarekani, zile Freightliner, International na Mack ambazo klachi yake huendeshwa kwa rodi na pini tupu, bila mafuta wala hewa, liko jambo moja zaidi. Dereva mzoefu hukanyaga pedali polepole akisikilizia inaanza kuwa nzito wapi. Ikianza kuwa nzito mara tu mguu unapoigusa, mlima ulio mbele una mashaka.

Ile nafasi ya mwanzo ambamo pedali inashuka kwa wepesi, ambayo mafundi huiita fri plei, inatakiwa iwe kati ya inchi moja na nusu na inchi mbili, yaani milimita 38 hadi 51. Ni kipimo kidogo, na gereji nyingi hukirudisha kwa dakika tano: fundi analala chini, analegeza nati ya rodi, anazungusha, anakaza, anatoka akijifuta mikono. Pedali inakuwa nyepesi kama zamani na dereva anaondoka ameridhika. Kazi hiyo ni mbovu. Inaua klachi, inaua giaboksi, na inampandisha mtu mlimani na tani nyingi mgongoni akiwa na gari ambalo halijatengenezwa.

Ili kuona ubaya wake, ni lazima kwanza kujua chombo chenyewe. Klachi za malori haya, nyingi zikiwa za kipenyo cha inchi 15.5, zina diski mbili zinazobanwa kwenye flaiwili kwa nguvu ya springi. Zinatofautiana na za Fuso au Isuzu katika jambo la msingi. Kwenye magari madogo na malori mengi ya Kijapani, beringi ya rilizi husukumwa kuelekea injini ili klachi iachie. Kwenye klachi hizi za Kimarekani beringi huvutwa kurudi nyuma, kuelekea giaboksi. Uma wenye vidole viwili huishika beringi kwa mbele na kuivuta.

Nyuma ya beringi hiyo, kwenye shafti inayoingia giaboksi, kuna diski nyembamba ambayo fundi aliyezoea magari ya Kijapani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuiona. Hiyo ni breki ya klachi. Giaboksi za Fuller, zilizoanzia kiwandani Kalamazoo katika jimbo la Michigan na kuenea duniani kwa jina la Roadranger, hazina vifaa vya kulinganisha mwendo wa gia. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, diski mbili nzito za klachi na gia za ndani huendelea kuzunguka kwa muda hata baada ya pedali kukanyagwa. Ukiingiza gia ya kwanza wakati huo, meno yanagongana na giaboksi inalia. Breki ya klachi ipo kwa ajili hiyo tu: pedali ikifika karibu na sakafu, beringi inaibana ile diski kwenye uso wa giaboksi, shafti inasimama, gia inaingia kimya.

Hapo ndipo penye siri ya kuseti. Diski za klachi zinapolika, beringi husogea mbele kuelekea injini. Ikisogea mbele, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Inaviegemea vidole vya uma, kwa hiyo fri plei inapungua. Na inaiacha breki ya klachi mbali nyuma, kwa hiyo pedali inafika sakafuni kabla breki haijabanwa. Fundi anayezungusha nati ya rodi anatibu la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyo. Pedali ina uchezaji mzuri, lakini gia ya kwanza inalia.

Dereva anarudi gerejini. "Fundi, gia ya kwanza inagoma." Fundi aliyekwisha kuisahau ile nati anaikumbuka tena, safari hii anaizungusha upande wa pili ili beringi ivutwe nyuma zaidi iifikie breki. Gia inaingia. Lakini fri plei imekwisha, na sasa uma unaivuta beringi muda wote, hata mguu usipokuwa kwenye pedali. Klachi haibani sawasawa. Kwenye tambarare za Chalinze dereva hatahisi kitu. Kwenye kona za Kitonga injini itapanda mzunguko na gari halitapanda mlima, na harufu ya kuungua itaingia ndani ya kabini. Mafundi watasema diski zimekwisha na mwenye gari atanunua klachi nzima, wakati lililotakiwa mwanzo lilikuwa kusogeza pete moja ya chuma kwa meno machache.

Pete hiyo iko ndani ya klachi yenyewe, na watengenezaji waliiweka humo makusudi. Kuifikia hakuhitaji kushusha giaboksi. Chini ya nyumba ya klachi kuna mfuniko mdogo. Gari likiwa limezimwa, magogo yamewekwa kwenye matairi na gia iko fri, fundi anafungua boliti za mfuniko, anaingiza taa, na mambo yote yanaonekana: beringi, vidole vya uma, breki ya klachi. Kabla ya kugusa spana, anapima. Kati ya mgongo wa beringi na breki ya klachi inatakiwa nafasi ya nusu inchi, au zaidi ya hapo kidogo, isizidi sehemu tisa za kumi na sita za inchi. Kwa milimita ni 13 hadi 14. Wengine huchonga kipande cha chuma cha unene huo na kukitunza kwenye kisanduku cha spana, na hakuna kipimo bora kuliko hicho.

Nafasi ikiwa kubwa, injini inazungushwa kwa mkono mpaka loki ya pete ije usawa wa mlango huo wa mfuniko. Kuna klachi zenye loki ya kibati na boliti moja, na kuna zenye kifaa maalumu ambacho unakisukuma ndani kwa soketi na kukizungusha. Kwa zote mbili, msaidizi lazima awe kabini amekanyaga pedali mpaka chini na kuishikilia, maana nguvu ya springi isipoondolewa pete haisogei, na anayeilazimisha atavunja kifaa. Jino moja la pete huisogeza beringi kwa takribani nusu milimita. Fundi anazungusha meno mawili au matatu, anasema "achia", pedali inapanda, anapima tena. Kama beringi imekwenda upande usiotakiwa, anarudisha. Hakuna haja ya kubishana kuhusu kulia au kushoto; kipimo kinajibu.

Nafasi ya nyuma ikishakuwa sawa, ndipo rodi ya nje inaguswa, ikiwa itahitaji kuguswa hata kidogo. Kati ya kidole cha uma na sehemu ya beringi kinayoigusa inatakiwa thumni ya inchi, milimita tatu na kitu. Biti ya kutobolea ya ukubwa huo inatosha kuwa kipimo: ikipita kwa kukwaruza kidogo, basi. Mara nyingi fri plei ya pedali itakuwa imejirudisha yenyewe kwa sababu ya kazi iliyofanyika ndani, na hilo ndilo thibitisho kwamba tatizo halikuwa kwenye rodi.

Kisha kuna jaribio la mwisho, ambalo huonyesha kama fundi anaijua kazi yake. Anachukua kibati chembamba cha kupimia, anakipitisha kati ya beringi na breki ya klachi, anamwambia msaidizi akanyage mpaka mwisho. Kibati kinabanwa, hakitoki. Msaidizi anaachia pedali taratibu huku fundi akikivuta, mpaka kinapochomoka. Pale kilipochomoka, pedali inatakiwa iwe nusu inchi hadi inchi moja kutoka mwisho wa safari yake ya chini. Ikiwa hivyo, breki inabana pale inapotakiwa na si kabla. Mfuniko unarudishwa. Kwa fundi aliyezoea, kazi yote hii haimalizi saa moja.

Kwa nini basi haifanyiki? Si kwa uvivu wa mafundi, ingawa lawama huwaangukia wao kwanza. Utaratibu wa malipo wa gereji nyingi za mtaani unamlipa fundi kwa kifaa kilichobadilishwa. Akifunga klachi mpya, tajiri anaona risiti ya duka la spea na anaona chuma kipya, anatoa hela ya ufundi bila maneno. Akilala chini ya gari saa nzima akipima na kuzungusha meno mawili ya pete, tajiri anauliza: "Sasa umefanya nini hapo?" Fundi mwenye familia hujifunza haraka kazi ipi inalipa. Tena mzigo unasubiri, gari linatakiwa litoke usiku huo huo, na simu ya ofisini inaita kila baada ya dakika kumi. Chini ya shinikizo hilo nati ya rodi ndiyo inayofikika kwa haraka, na ndiyo inayozungushwa.

Hapa mwenye lori ndiye wa kuambiwa wazi. Saa moja ya kupima ni kazi, na ilipwe kama kazi.

Mazingira yetu pia yanaikaza zaidi hoja hii. Malori haya yalitengenezwa kwa barabara za Marekani, ambako sheria ya barabara kuu za kitaifa inaweka kikomo cha pauni 80,000 kwa gari na mzigo wake, karibu tani 36. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Kichwa kilichozaliwa kuvuta tani 36 katika barabara pana kikivuta mzigo mkubwa kuliko huo, kila mara kinapoondoka kikiwa kimesimama mlimani klachi yake hufanya kazi ya ziada na kupata moto wa ziada. Ratiba ya huduma iliyoandikwa kwa ajili ya dereva wa Ohio haiwezi kumtosha wa Tunduma. Huyu anahitaji kufungua mfuniko na kupima mara nyingi zaidi, wala asisubiri gia ilie.

Barabara nazo zina lake. Kitonga kuna ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Lori moja likikwama, foleni inashuka nyuma yake, na kila lori lililo katika foleni hiyo litatakiwa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kwenye mwinamo. Dereva ambaye breki ya klachi yake haifikiwi hupambana na gia ya kwanza kila mara gari linaposimama, na muda wote huo breki za matairi peke yake ndizo zinazolizuia lisirudi nyuma juu ya basi la abiria. Kwenye kuteremka hatari ni ya namna nyingine. Gia ndogo inatakiwa ichaguliwe kabla ya mteremko kuanza. Dereva ambaye gia zake zinalia na kugoma hushawishika kubaki na ile iliyokubali kuingia, hata kama ni kubwa mno, na kazi ya kulizuia gari inahamia kwenye breki ambazo zitapata moto kabla ya kufika chini.

Madereva nao wana sehemu yao. Wengi wamefundishwa na madereva wenzao kwenye Fuso, ambako pedali hukanyagwa mpaka mwisho kila gia inapobadilishwa, na hakuna kinachoharibika. Kwenye lori lenye breki ya klachi tabia hiyo ni uharibifu. Gari likiwa linatembea, pedali inakanyagwa kidogo tu, fri plei na inchi moja hivi zaidi, kiasi cha klachi kuachia. Ukiifikisha sakafuni gari likiwa kwenye mwendo, unaisimamisha kwa nguvu shafti ambayo magurudumu yanaizungusha, na vimasikio viwili vinavyoishikilia breki kwenye shafti hukatika. Ikishakatika, hakuna kuseti kutakakoirudisha. Zipo breki za vipande viwili zinazoweza kufungwa kupitia mlango wa chini baada ya ile ya zamani kukatwa kwa gesi. Fundi asiyejua kuwa zipo hushusha giaboksi nzima.

Kuna pia wanaopumzisha mguu juu ya pedali kutoka Morogoro hadi Mikumi. Uzito wa mguu unatosha kuimaliza fri plei na kuifanya beringi izunguke chini ya mzigo bila sababu.

Lori kuukuu lina tatizo jingine ambalo vitabu vya kiwandani hulipitia kwa haraka, kwa kuwa viliandikwa gari likiwa jipya. Kati ya pedali na uma kuna pini, mikono, viungo na bushi kadhaa. Kila kimoja kikilika nusu milimita, safari ya pedali inapotea njiani kabla haijaifikia beringi. Mfuniko ukifunguliwa vipimo vinakuwa sahihi kabisa, lakini pedali ikifika sakafuni beringi bado haijaifikia breki. Fundi anaseti leo, wiki ijayo dereva amerudi. Dawa hapo ni kushika kila kiungo kwa mkono, kukitikisa wakati msaidizi anapampu pedali, na kubadilisha bushi na pini zilizolegea, hasa bushi za shafti inayobeba uma. Hivyo ni vifaa vidogo, na mchonga vyuma yeyote mwenye mashine ya kukereza anaweza kuvitengeneza. Grisi nayo isisahauliwe. Beringi ya rilizi ipigwe grisi inayostahimili moto mpaka ya zamani itoke nyuma kwenye shafti. Ikikauka, hulia kwanza, kisha hung'ang'ania, na gari hulala porini.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii imepitwa na wakati, kwa kuwa Scania na Volvo za siku hizi hubadilisha gia zenyewe na klachi zake hazina pedali. Ni kweli magari hayo yanaongezeka. Lakini lori halifi haraka katika nchi zetu. Likitoka kwenye kampuni kubwa linanunuliwa na mtu mwenye lori moja au mawili, likimchosha huyo linaingia kwenye kubeba mchanga, kokoto na magogo. Kila hatua linashuka kwenda kwa mtu mwenye fedha kidogo zaidi na fundi mwenye vifaa vichache zaidi. Huko chini ndiko maarifa ya kupima yanakohitajika kuliko kwingine kokote, na ndiko yanakokosekana.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti. Ni utaratibu mzuri na unawafaa hasa vijana hawa wa malori mazito. Ungekuwa na faida zaidi kama mtahiniwa angewekwa chini ya kichwa chenye klachi ya kuvuta, akapewa taa na kipimo, akaambiwa aeleze anachokiona kabla ya kushika spana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha madereva wa magari makubwa, nacho kiwaonyeshe madereva hao breki ya klachi iliyovunjika na kuwaeleza mguu wa nani uliivunja. Saa moja ya somo hilo itaokoa giaboksi nyingi.

Wakati taasisi zikifikiria, mwenye lori anaweza kuanza wiki hii bila kusubiri mtu. Lori likirudi kutoka safari, lisimamishwe kwenye sakafu ngumu, mfuniko ufunguliwe, na fundi aandike kwenye karatasi namba tatu: nafasi kati ya beringi na breki, nafasi kati ya uma na beringi, na fri plei ya pedali. Karatasi ikae kwenye faili la gari pamoja na tarehe na kilomita. Safari zijazo namba hizo zitaonyesha klachi inalika kwa kasi gani na lini pete itakuwa imefika mwisho, ili diski mpya zinunuliwe Dar es Salaam kwa nafasi na si Ilula kwa dharura. Na fundi aliyeziandika alipwe saa yake siku hiyo hiyo, hata kama hakubadilisha kifaa chochote.